Mtoto Atashinda na Nani

Voi
12 Januari 1977

Kwa Mama yangu Tryphena,

Nakusalimu, na mjukuu wako Mwandawiro anakusalimu kwa njia yake, maana ninapoandika yuko mapajani na ameipiga kalamu teke mara mbili. Tu wazima. Natumaini kile kikohozi ulichokuwa nacho siku za mazishi kimepoa.

Mama, likizo yangu ya uzazi inaisha mwisho wa mwezi huu. Bwana Donald, mkubwa wetu pale posta, ameniambia kwa upole kwamba kiti changu kwenye swichibodi kimekaliwa na msichana wa muda, na kwamba msichana huyo anakipenda. Nimemwelewa. Thadeus mwanao hayupo tena. Kazi hii ya kuunganishia watu simu ndiyo nyumba yetu sasa, ndiyo chakula chetu.

Basi mtoto atashinda na nani? Swali hili nalala nalo, naamka nalo.

Yuko Dinah, yule mke wa gadi wa treni aliyepika chai siku ya msiba. Analea watoto wa wafanyakazi kwake, kwenye kota za reli. Ni mtu wa kucheka, na kwake ni karibu na posta, ningeweza kukimbia saa ya chakula nikanyonyeshe. Lakini ana watano tayari. Nilipokwenda kutazama niliwakuta wawili wamefungwa leso mguuni, na leso imefungwa kwenye mguu wa kitanda. Nikamuuliza, "Dinah, hawa ni mbuzi?" Akacheka mpaka akakaa chini. "Mama Mwandawiro, heri mbuzi! Mbuzi hali makaa!"

Yuko msichana Mumbe, Mkamba wa upande wa Mtito Andei, umri wake kama miaka kumi na sita. Ameletwa na mama anayetuuzia maziwa. Huyu angelala hapa kwangu. Nilimpa chai, akanywa, akashukuru, akanyamaza. Sijui mtu asiyesema anawaza nini.

Wa tatu ni wewe, na ndiye ninayemtaka. Njoo, Mama. Chumba ni kimoja lakini kitanda ni kipana, ni kile kile alichokitengeneza Thadeus. Ukae nasi mpaka mtoto aote meno. Shemeji Obadiah na mkewe watakutazamia ng'ombe.

Na kuna lile lingine. Mwandawiro anaingia mwezi wa tatu na bado hujamtasa. Watoto wa Obadiah wote uliwatasa mapema: ulijaza maji mdomoni, ukawapulizia kifuani, ukasema maneno ya kuwatakia heri. Huyu wa Thadeus anangoja maji yako. Nakumbuka Thadeus akipiga pasi suruali, unajua alivyopenda ule mstari wa mbele, akaniambia, "Mama yangu akishampulizia mtoto, huyo hapati hata mafua." Nilimcheka. Sasa natamani nisingemcheka.

Nangoja jibu lako, au nikuone mwenyewe ukishuka kwenye basi.

Mtoto wako,
Wakio


Mghange
23 Januari 1977

Wakio mwanangu,

Bwana asifiwe. Barua yako nimeipata na nimeisoma.

Sitaweza kuja. Ng'ombe ana mimba kubwa, na mke wa Obadiah bado anamwogopa. Maharagwe yako shambani. Tena joto la Voi sipatani nalo.

Usikasirike. Nitakuambia ninachokijua kuhusu mtu wa kulea, maana kabla sijaolewa nililea watoto wa mwalimu pale Bura. Usimtazame mtu anavyombeba mtoto; kila mtu hubeba vizuri akijua anatazamwa. Mpe chai ya moto, kisha mpe mtoto kabla hajaimaliza, uone kikombe anakiweka wapi. Anayekiweka mbali kwanza ndipo apokee mtoto, huyo amewahi kulea. Mtazame kucha. Muulize mtoto wa mwisho aliyemlea aliitwa nani, na alipenda nini. Akikumbuka, mchukue. Kutosema si kosa. Mtoto hahitaji hotuba.

Dinah sisemi ni mbaya. Nasema watoto ni watano na mikono ni miwili, na wako atakuwa wa sita.

Kuhusu kutasa, sisi ni watu wa kanisa, mambo hayo tumeyaacha. Mwombee mtoto wako, inatosha.

Nimempa jirani yetu Katuku viazi vitamu akuletee. Amevichimba mke wa Obadiah, na amevifunga yeye. Mimi sikuvigusa.

Mama yako,
Tryphena


Voi
6 Februari 1977

Kwa Mama,

Viazi vimefika, asante. Ulivyoandika kwamba hukuvigusa sikukuelewa, lakini tumekula, ni vitamu.

Nilimjaribu Mumbe kama ulivyosema. Nilimpa chai, kisha nikamnyoshea mtoto. Alitoka na kikombe mpaka nje, akakiweka kizingitini, akafuta mikono kwenye rinda, ndipo akampokea. Kucha fupi, safi. Nikafurahi. Nikamuuliza mtoto wa mwisho aliyemlea.

"Ndambuki. Mdogo wangu."

"Alipenda nini?"

"Kulala ameshika sikio langu." Akanionyesha sikio lenyewe.

"Sasa yuko wapi?"

"Alikufa mwaka wa njaa."

Mama, sikuweza. Najua si kosa lake. Lakini nilimtazama Mwandawiro mikononi mwake, na mkono wangu ukamchukua kabla sijaamua. Nilimwambia nitamwita. Aliosha kikombe ndipo akaenda, na nadhani alijua sitamwita.

Kwa hiyo mtoto yuko kwa Dinah tangu Jumanne. Siku ya kwanza nilipotoka mle ndani nilimsikia analia mpaka nilipofika penye reli. Siku ya pili hakulia, na hiyo iliniuma zaidi. Pale kazini nilimuunganisha mtu wa mkonge na mtu wa Mombasa, wakazungumza habari za kamba, na mimi maziwa yananitoka ndani ya sare.

Umesema mambo ya kutasa mmeyaacha. Lakini mtoto wa tatu wa Obadiah ulimtasia nyuma ya jiko, na mchungaji yuko sebuleni anakula kuku. Ni mimi niliyekushikia sufuria ya maji. Ulikuwa unacheka, maji yakakutoka puani. Au umesahau?

Sitaki kubishana na wewe kwa barua. Pasaka nimepewa mapumziko. Nitamleta mwenyewe.

Wako,
Wakio


Mghange
30 Machi 1977

Wakio,

Pasaka hii msije. Mvua imeharibu njia na kuna homa ya watoto huku. Kaa naye hapo hapo Voi. Nitakuandikia wakati wa kuja.

Tryphena


Voi
13 Aprili 1977

Mama,

Tumefika salama. Naandika kabla moyo haujapoa, maana ukipoa nitaandika barua ya adabu na sitasema kitu.

Barua yako ya kutukataza nimeikuta posta niliporudi. Nafanya kazi mle mle na bado ilinipita. Homa ya watoto sikuiona huko. Watoto wa Obadiah wanarukaruka kama panzi.

Nilipanda mlima mtoto akiwa mgongoni, nimemfunika koti la mvua la Thadeus, na njia nzima nasema moyoni: akiyaona haya masikio ya Thadeus kwa mtoto, yote yatakwisha. Ulikuwa mlangoni. Ulijifunga leso mdomoni kama mtu anayepita penye mzoga. Nilikuletea mtoto mpaka karibu, naye siku hizi amejua kunyoosha mikono. Hajawahi kumnyoshea mgeni. Alikunyoshea wewe. Ukarudi nyuma. Ukaenda kukaa kwenye kigoda kule zizini, ukaikalia mikono yako, ukasema, "Mpeleke kwa Obadiah, huko kuna moto."

Nilimuuliza Obadiah, "Mama ana nini?" Akatazama miguu yake. "Shemeji, amezeeka tu."

Ulikula peke yako. Niliposhika kibuyu chako ninywe maji ulipiga kelele, "Si hicho!" mbele ya watoto. Nimeolewa kwenu mwaka wa tano sasa. Sijawahi kunyimwa maji.

Na Jumapili, baada ya ibada, nilikuletea maji kwenye bakuli jeupe, nikapiga magoti penye matope. Nikasema, "Mama, kidogo tu, hata mchungaji hatajua." Ulilitazama lile bakuli mpaka nikadhani umekubali. Kisha ukalimwaga.

Watu wamesema mengi tangu toroli ya reli ipinduke na Thadeus ndani yake, kule njia ya Taveta. Nimesikia kwamba nilimtia haraka asubuhi ile, kwamba nilikuwa na mimba yenye kisirani. Sikujua kwamba na wewe unasema.

Koti limekauka. Mfukoni bado mna karanga mbili alizoacha. Sikuzitoa.

Wakio


Voi
22 Mei 1977

Mama,

Hukujibu barua yangu, na mimi nilisema moyoni sitaandika tena. Naandika.

Jumanne ya juzi nilikimbia kwa Dinah saa ya chakula. Nikakuta mlango umefungwa kwa kamba kwa nje. Dinah alikuwa amekwenda stesheni kuwauzia mandazi abiria. Alidhani ni mara moja, lakini treni ilichelewa na yeye akaingoja. Kamba niliikata kwa meno. Watoto wote walikuwa kwenye mkeka mmoja. Wengine wanalia. Wangu halii. Mwili wake ulikuwa moto, macho yamegeukia juu, na chupa imelala shavuni pake, maziwa yameganda.

Asubuhi nilipomwacha alikuwa na joto kidogo. Niliona. Nilijiambia ni meno.

Malaria ilikuwa imempanda kichwani. Hospitalini walimtia maji kwa mshipa wa utosini, wakamnyoa nusu ya kichwa. Nilimshika unyayo kwa sababu hapo tu ndipo hapakuwa na sindano. Daktari alisema, "Kama ungekuja jioni..."

Amepona, Mama. Lakini mkono wa kushoto haushiki kitu. Nikimpa kijiko upande huo kinaanguka. Wanasema tungoje tuone.

Dinah alikuja wodini akalia. "Nipige, Mama Mwandawiro. Nipige basi nipumue!" Sikumpiga. Nilimpa kiti. Naye ana watoto wake watatu.

Mama mmoja wa Kidawida, wa huko milimani, aliyelaza mwanawe kitanda cha pili aliniuliza, "Huko kwenu hakuna mkubwa mwenye hasira na wewe? Hasira ya bibi humkuta mtoto hata bibi mwenyewe asipotaka." Nilisema hakuna. Kisha nikakumbuka bakuli.

Kama una hasira na mimi, itupe. Ijaze mdomoni pamoja na maji, uiteme chini, useme imekwisha, kama walivyofanya wazee wenu wote. Usinipende. Mtoe mtoto tu katika hasira hiyo.

Kwa Dinah hatarudi. Sina mtu mwingine. Nimeandika barua ya kuacha kazi na nitampa Bwana Donald mwisho wa mwezi. Nitapanda huko na mtoto na masanduku yetu, nikae mlangoni pako mpaka useme nami. Ukinifukuza nitalala zizini.

Wakio


Mghange
26 Mei 1977

Wakio mwanangu,

Barua ya kuacha kazi ichane. Ichane kabla hujasoma mstari unaofuata.

Nina kifua kikuu.

Kile kikohozi cha siku za mazishi hakikuwa baridi. Tulipomaliza kumzika Thadeus, juma lile lile, nilitema damu kwenye majani ya migomba. Wakanipima wakaniambia. Nikapewa sindano na vidonge, na njia ya kwenda sindano ni ile ile ya sokoni, kila mtu anakuona unakokwenda. Nilipopata nafuu niliacha. Nilifanya ujinga. Imerudi na imekuja na nguvu.

Anayejua ni Obadiah peke yake, nilimwapisha kwa Biblia ya baba yake. Mkewe nilimwambia tu asitumie chombo changu.

Unauliza kwa nini sikukuambia. Nakujua. Ungeacha kazi siku hiyo hiyo, ungepanda na mtoto mgongoni uje kunipikia uji, kwa sababu ndivyo mke wa mwana anavyofanya, na hakuna mtu huku ambaye angekuzuia. Wangekusifu. Na mtoto angelala chumba kimoja na kifua changu. Nikaona heri uniite mama mwenye roho mbaya ukae mbali. Sikujua kwamba maneno hayo yangekuingia mpaka ndani hivyo. Nilidhani utakasirika tu, ukae huko Voi umekasirika, na mtoto mzima.

Uliniletea bakuli, umepiga magoti. Wakio, kutasa ni kwa mdomo. Maji ya mdomo wangu ndiyo yenyewe ugonjwa. Nililitazama kwa sababu niliona ndani yake kipande cha mbingu na uso wa mtoto kando, ulikuwa umemweka begani. Nikasema nitaweka tu mdomoni nimpulizie miguu. Miguu tu. Ndipo nikamwaga upesi.

Aliponinyoshea mikono niliikalia yangu kwa sababu ilikuwa inakwenda yenyewe.

Hasira sina. Sijawa nayo hata siku moja. Asubuhi ile Thadeus hakuharakishwa na mtu, aliharakisha mwenyewe tangu alipozaliwa. Alizaliwa njiani, mimi natoka kuteka maji. Anayesema vingine mwambie aje aniulize mimi.

Sasa fanya hivi. Mtafute yule Mkamba. Umeniandikia kwamba alitoka na kikombe nje akakiweka kizingitini. Hakuna aliyewahi kufanya zaidi ya hapo mbele yangu. Na kwamba alikumbuka sikio. Mtoto aliyekufa mikononi mwake hakufa kwa mikono hiyo, alikufa kwa njaa, na huyo msichana sasa anajua uso wa mtoto unavyobadilika kabla wengine hawajajua. Mchukue. Mpe chakula cha kutosha, huyo hajashiba tangu mwaka ule.

Mkono wa kushoto ukande kila asubuhi kwa maji ya moto na uweke vitu upande huo. Usimrahisishie.

Jumatatu Obadiah ananipeleka kulazwa. Usije na mtoto. Nimenunua kikombe chake cha bati, chenye ua la bluu. Kiko juu ya kabati, hakijaguswa na mdomo wowote. Nitakapopona atakinywea mbele yangu.

Mama yako,
Tryphena


Voi
5 Juni 1977

Mama yangu,

Barua ya kuacha kazi nimeichana. Nilikaa chini nyuma ya posta nikasoma yako, na Bwana Donald mwenyewe akashika swichibodi, akamuunganisha mtu wa Taveta na mtu asiyemjua kabisa.

Mumbe yuko hapa. Nilimtafuta kwa mama wa maziwa, nikamkuta anaosha madebe. Nilimwambia, "Nilikudhulumu." Akasema, "Mtoto amelala?" Ndilo jibu lake lote. Anaweka kijiko upande wa kushoto, anangoja. Anaweza kungoja kuliko mtu yeyote niliyemwona. Juzi usiku mtoto alimshika sikio. Kwa mkono wa kulia, lakini alilishika. Mumbe alijigeuza ukutani, nami nikajifanya sikuona.

Mama, uliandika kwamba huna hasira. Nilikaa na neno hilo nikatafuta hasira iko kwa nani, maana ilikuwapo, niliilea tangu Pasaka. Basi jana alfajiri nilitoka nyuma ya nyumba na kikombe cha maji. Sijawahi kufanya, sisi wadogo hatufundishwi. Nilijaza mdomo nikapuliza chini kuelekea huko milimani. Nikasema, "Mimi Wakio nilikuwa na hasira na mama yangu. Nimeitupa. Naye apone." Jirani alichungulia akaniuliza kama natapika, kama nina mimba. Nikamwambia, "Ya nani sasa, ya posta?" Tukacheka wote wawili. Nilikuwa sijacheka tangu lini.

Mwisho wa mwezi nitapata siku mbili. Nitakuja peke yangu, nisimame mahali watakaponiambia nisimame. Meza dawa. Kila mtu akikuona njiani, akuone tu.

Mtoto wako,
Wakio


Mghange
3 Julai 1977

Kwa Shemeji Wakio,

Salamu. Sote huku tumebaki kimya kimya. Siku ya mazishi ya Mama sikuweza kusema nawe. Watu walikuwa wengi na wewe ulikuwa unahimizwa kuwahi basi. Kuna mambo ambayo ni lazima uyajue.

Kwanza unisamehe ile simu. Nilisimama pale posta ya Wundanyi nikasema nipewe Voi. Nikasikia sauti yako: "Voi hapa, nikuunganishe na nani?" Nilikuwa nimepanga maneno yote yakanipotea. Ndiyo maana nilisema, "Na wewe." Ulijua pale pale. Kisha ukasema, "Subiri, nina mtu wa Mwatate kwenye laini," ukamuunganisha yule mtu kwanza. Mpaka leo nasikia ulivyomuunganisha.

Pili, barua yako ya tarehe tano aliipata. Mimi ndiye niliyemsomea, nimesimama nje ya dirisha la wodi, maana ndani haturuhusiwi kukaa. Alinitaka nirudie pale pa jirani na mimba ya posta. Alicheka, kikohozi kikamshika, nikataka kuacha, akanipungia mkono niendelee.

Nilipomaliza aliomba maji. Sista akamletea kikombe. Alijaza mdomo, akajikokota mpaka dirisha la upande ule mwingine, ambako hakuna mtu, ni bonde tu mpaka nyika ya Voi. Akapuliza. Hakuwa na pumzi, mengi yalimwagikia kidevuni. Akamtaja mtoto kwa jina lake lote, Nehemiah Mwandawiro, wa Thadeus. Akakutaja na wewe.

Sista alikuja mbio. "Mama! Hapa hakutemwi mate! Mara ngapi tumewaambia?"

Naye akasema, "Sikutema, mwanangu. Nimempa mjukuu wangu maji. Yuko mbali, hayatamfikia."

Alikufa Alhamisi iliyofuata.

Tatu, anayekuja na barua hii ni Katuku, na amebeba kikombe cha bati. Mama alisema kioshwe kwa maji yanayochemka ingawa hajakigusa kwa mdomo. Tumekichemsha mara mbili. Tafadhali na wewe ukichemshe.

Nne, mke wangu anauliza mtoto anashinda na nani. Anasema kama kuna shida, yeye yupo, na kifua chake kimepimwa, ni kizima.

Shemeji yako,
Obadiah


Voi
20 Novemba 1977

Kwa Shemeji Obadiah na Mama watoto,

Sikuandika mapema. Nilikuwa nakaa na karatasi, naandika tarehe, basi.

Mwambie mke wako asante. Mtoto anashinda na Mumbe, na atashinda naye. Alipoanza kusimama alijishikilia rinda lake, si langu. Niliona wivu nikameza. Mkono wa kushoto unafunguka kidogo. Hautakuwa kama ule mwingine, tumeshaambiwa. Mumbe hajaambiwa, au ameambiwa na hakusikia; bado anaweka kijiko upande ule na kungoja.

Mimi nimepimwa, na mtoto amepimwa. Tu wazima wote wawili.

Kikombe nilikichemsha nikakiweka juu, kama alivyokuwa amekiweka yeye. Sikutaka kitumike. Jumatatu mtoto alitimiza mwaka, Mumbe akakitoa bila kuniuliza, akatia maji. Niliingia tayari kwa zamu, nimevaa sare, nikamkuta amekishika kwa mkono wa kulia, na wa kushoto ameuegemeza tu kwenye ua la bluu. Nikachutama nimtazame.

Alijaza mdomo mpaka mashavu yakatoka. Akanitazama. Kisha akanipulizia maji yote usoni na kifuani.

Mumbe akaruka na kitambaa. "Mama Mwandawiro, sare! Bwana Donald atasema!"

Nilimwambia aache. Nilikwenda kazini nimelowa, nikakaa kwenye swichibodi mpaka sare ikakaukia mwilini.

Wenu,
Wakio